Mashine Iliyorudi kwa Lori la Maembe

Mtu akikwambia ameionea wivu mashine ya soda, utamcheka. Mcheke tu, hata mimi nimejicheka. Lakini siku simu ile ilipopigwa nilikuwa nakaanga samaki, mikono imejaa unga, na haki ya Mungu sikucheka hata kidogo.

Nina hoteli pale Garsen, kando ya barabara kuu. Usitarajie vigae na vitambaa vya meza. Ni mabati, mabenchi na chai isiyokatika. Wateja wangu ni madereva wa malori: wa maembe, wa ng'ombe, wa mchele. Mume wangu ni fundi umeme mstaafu. Ujana wake wote aliumalizia bara, Nakuru, kwenye hoteli moja kubwa ya zamani, na siku hizi kazi yake ni kukaa kwenye benchi langu la mwisho na kunitengenezea swichi ambazo hazijaharibika. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo simu yake huongea na mtaa mzima.

"Wanabomoa," ilisema sauti ya mzee mwenzake kutoka Nakuru. "Hoteli yote. Kila kitu kinaenda kwa watu wa vyuma kuukuu. Ile mashine ya soda bado iko pale kwenye kona yake. Unaikumbuka?"

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Usiwape," akasema. "Ifunike. Nakuja mwenyewe."

Jamani! Mtu huyu nimembembeleza twende Malindi akapimwe macho mpaka ulimi umeniota sugu. Mgongo unamuuma, barabara mbaya, kesho, kesho kutwa. Sasa ghafla anakwenda Nakuru! Niliepua samaki, nikaenda kusimama mbele yake.

"Mashine gani hiyo?"

"Ya soda tu. Unatumbukiza shilingi, unafungua kamlango ka kioo, unavuta chupa. Ni ya zamani sana."

"Friji si tunayo?"

"Tunayo."

"Basi ya nini?"

Mume wangu hajui kusema uongo, na huo ndio ubaya wake mkubwa. Alikitazama kikombe chake, akasema, "Ni pale tulipojuana na marehemu."

Marehemu ni mke wake wa kwanza. Kwao ni kijijini kwetu, ng'ambo ya mto, upande wa kuteremkia Kau. Alikwenda Nakuru kufua mashuka ya hoteli, wakaonana huko, watu wa kijiji kimoja ambao nyumbani hawakuwa hata wakisalimiana. Wakaoana. Hawakujaliwa watoto. Akaugua, akafa, akazikwa hukohuko, kwenye makaburi ya umma. Gari la kuleta maiti lilikuwa ghali, na hospitali ilikuwa imeshamkausha mume wangu. Tena Tana ilikuwa imefurika na barabara imekatika. Alirudi nyumbani na begi la nguo za mkewe. Kijiji kikamkalia matanga mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemwona akizikwa. Mama mzazi wa marehemu alililia begi.

Mimi nilikuja baadaye, mwanamke mzima, nina hoteli yangu, nimeachika na wanangu wamekua. Nilijua naolewa na mjane. Sikujua naolewa ukewenza.

Maana mke mwenza aliye hai nitamweza. Nitamkodolea macho sokoni, nitamshinda kwa mapishi, nikizidiwa nitamsema kwa mashoga zangu, roho itulie. Huyu aliyekufa utamfanya nini? Ugali wake hauungui. Hanuni. Mvi hazimwoti. Nikipika wali wa nazi, mume wangu husema mtamu, halafu hunyamaza kidogo, na mimi katika kule kunyamaza namsikia mtu mwingine akipakua. Na mama wa marehemu yupo hai, mlango wa tatu kutoka kwangu. Kila nikitoka Garsen nampelekea mchele na samaki, namchotea maji, namsuka nywele. Ananishukuru vizuri sana. Ananiita "mke wa mkwe wangu." Miaka yote hiyo, mke wa mkwe wangu! Siku hata moja hajaniita mwanangu.

Kwa hiyo niliposikia habari ya mashine, nilitaka kujua jambo moja tu. Katika nyumba ile mimi ni mke, au nimewekwa kushikilia nafasi ya mtu?

Sikumuuliza. Nilirudi jikoni nikamkaanga yule samaki mpaka akawa mweusi.

Mume wangu akaanza kutafuta usafiri. Alipiga simu kwa kampuni ya mizigo ya Nairobi, akaeleza: mashine ni ndefu kumzidi mtu, nzito, mbele ina kioo, na haitakiwi kulazwa kwa sababu mafuta ya kule chini yatapanda kwenye mabomba. Yule kijana wa kampuni akataja bei. Benchi zima likaguna. Kwa bei ile ungenunua mashine mpya pamoja na huyo anayeiuza. Akapiga kwa wengine, nao wakataja yao, na mmoja aliuliza Garsen iko nchi gani.

Jioni nilimwona ameegemea nguzo, anamtazama mtamba wetu mmoja tuliyemwachia rafiki yake mfugaji amchunge. Alikuwa ameletwa kunyweshwa. Nikajua hesabu gani inapigwa.

"Mtamba huyo usimguse," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Macho yamesema."

Sasa hapa ndipo utakaponiona mjinga, lakini ngoja kwanza. Ni mimi niliyemtafutia njia. Si kwa wema. Nilitaka kila akiiangalia hiyo mashine yake ya mapenzi akumbuke kwamba mimi ndiye niliyemletea. Kwamba marehemu alimpa kona ya kupendania na mimi nimempa lori. Wivu nao una akili zake.

Na njia niliijua, maana naipikia chai kila siku. Malori yanayobeba maembe kutoka Kinakomba na huku kwetu hupanda Nairobi yamejaa hadi juu, yakipitia Garissa. Yakirudi hurudi na makreti matupu na upepo. Dereva anayerudi mtupu ana uchungu moyoni. Ukimpa mzigo wowote njiani hata kwa bei ya mafuta tu anakuombea dua. Bei hiyo hakuna kampuni itakayokutajia kwa simu. Huipati mpaka umpe dereva nyama ya ziada, naye akikuita mama umwitikie.

Mtu wa kwanza kujitolea hakuwa wa maembe. Alikuwa yuleyule mfugaji, tajiri wa ng'ombe, lori lake hupeleka ng'ombe machinjioni na kurudi tupu vilevile. "Leteni," akasema, "mimi sitaki hata senti, mtanilipia chai." Nikapiga makofi. Mume wangu akatikisa kichwa.

"Haiwezi kusafiri kwenye mavi ya ng'ombe."

"Nini?"

"Lile lori haliishi harufu. Itaingia ndani."

Wee! Nilihisi damu imenipanda mpaka kwenye masikio. "Mzee, hebu nikumbushe. Mimi siku naletwa kwako nilikuja na nini?"

Akageukia swichi ya ukutani, akaanza kuifungua.

"Trekta! Nilikuja juu ya magunia ya mpunga, nimeshikilia sufuria zangu, mvua inaninyeshea. Ulisema kitu? Ulisema hapana, huyu mke wangu asisafiri kwenye mpunga?"

Madereva wakacheka mpaka wakamwaga chai. Mume wangu naye akacheka, lakini lori la ng'ombe hakulikubali.

Basi ikawa la maembe. Dereva mmoja, mteja wangu wa tangu hoteli haijaezekwa, akaniambia atashusha maembe yake Nairobi, na pale sokoni ana mwenzake wa viazi ambaye hushuka na mzigo kutoka upande wa Nakuru. Yule wa viazi ataacha nafasi nyuma, mashine isimame hapo. Wakifika sokoni, malori mawili yatarudi kinyumenyume mpaka yagusane matako, mashine isukumwe kutoka hili iingie lile bila kukanyaga chini na bila kuita wapagazi. Nilimpa dereva nyama maradufu, nikampa mume wangu mablanketi ya kufungia. Akapanda basi, kaenda.

Huko kijijini watu wakaniuliza mzee yuko wapi. Nikawaambia Nakuru. Kufanya nini? Nikawaambia ana shughuli. Aliniomba nisiseme, alikuwa anaogopa kuchekwa, mtu mzima kuvuka nchi kwenda kuchukua mashine mbovu ya soda. Na mimi sikuwa na hamu ya kutangaza. Ningewaambia nini, kwamba mume wangu ameenda kumchukua mke wake?

Alinipigia simu kila kituo. Wewe ungefurahi, mume anakupigia kila kituo. Sikiliza basi.

Kutoka Nakuru: "Imesimama vizuri."

"Wewe umekula?"

"Nimeiwekea mablanketi pande zote."

Kutoka Nairobi: "Imehama lori, haijapata hata mkwaruzo!"

"Umelala wapi?"

"Imefungwa kamba kila upande."

Kutoka Garissa: "Hapa jua kali sana. Naona inapata joto."

Inapata joto! Na mimi niliyekuwa mbele ya jiko la makaa tangu alfajiri, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, mimi nilikuwa napata nini? Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Lori liliingia Garsen asubuhi, jua likiwa bado na huruma. Nilitoka na mwiko mkononi. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma kule juu, kati ya makreti, vumbi limemfanya mwekundu kuanzia nywele mpaka kope, na amekumbatia kitu kirefu. Kilikuwa cheupe. Nikakaza macho. Nikakaza tena.

Kilikuwa shuka langu.

Nina shuka moja jeupe, zito, lenye maua ya kudarizi pembeni. Nililinunua Mombasa kwa jasho langu mwenyewe na halijawahi kutandikwa ila mgeni wa heshima akija. Wageni wa heshima ni wachache, kwa hiyo lilikuwa jipya. Alilitoa sandukuni bila kuniambia, akaenda nalo Nakuru, akaivisha mashine ya mapenzi yao.

"Mablanketi si nilikupa?"

"Vumbi la njia ya Bura lingepenya," akasema. Hakuona kabisa amekosea nini. "Shuka lina uzi mzito, linazuia."

"Najua lina uzi mzito! Nililinunua mimi!"

Ningelichana palepale. Kilichonizuia ni kwamba lilikuwa langu.

Kilikuwa kiangazi, udongo umekauka, kwa hiyo lori lilitupeleka hadi ukingoni kwa mto. Hapo ndipo barabara inapoishia kwa watu wa kwetu. Pikipiki, ndama, mabati ya kuezekea, vyote huvushwa kwa namna moja: mitumbwi miwili mikubwa inafungwa pamoja kwa mbao, mzigo unakaa juu ya mbao. Wavushaji walipoiona mashine wakasema wima haiwezekani, upepo ukiipiga tutalala na mamba. Ilazwe. Mume wangu akalalamika kuhusu yale mafuta ya kule chini, akalalamika tena, mwisho akakubali. "Ilale kidogo tu. Tukifika isimame, na isipewe stima mpaka kesho."

Wakailaza, na shuka langu likiwa limeifunika yote. Wakaifunga kamba, wakaketi kando yake, huku na huku. Mume wangu akakaa kwenye kichwa chake na kuiwekea mkono. Mimi nikakaa kwenye miguu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, nikajifunika leso kichwani mpaka kwenye paji la uso. Nilikuwa nimenuna vibaya, midomo nimeifumba. Hakuna aliyesema neno. Mbao zilikuwa zinalia na maji yalikuwa yamebakiza kiganja kimoja yaingie mitumbwini. Wanaume wazima waliogopa hata kupumua. Mmoja alivua kofia apanguse jasho, akaogopa kujitikisa kwa kuivaa tena, akaishika kifuani.

Sitakuficha, katikati ya mto niliitazama ile kamba iliyokuwa karibu na mguu wangu. Niliitazama vizuri. Kisha nikafikiria shuka langu.

Upande wa pili wanawake walikuwa wanafua. Niliwaona wanainuka mmoja mmoja, wanakinga jua kwa mkono. Kisha ukasikika ukemi mmoja mkali, mwembamba.

"Amemleta! Jamani, amemleta!"

Na kilio kikaanza.

Nilichukua muda kuelewa. Halafu nikajitazama, nikawatazama wenzangu, nikaona walichokiona wao. Mzee ametoka Nakuru. Wanaume kimya, kofia kifuani. Mke amejifunika leso, amekunja uso. Na katikati yetu kitu kirefu, cheupe. Kijiji kilichokalia matanga bila maiti kilikuwa kinaipokea maiti yake. Watu walikuja mbio kutoka mashambani na majembe mikononi. Wanawake walifunga leso viunoni, wengine wakaketi chini palepale kwenye matope. Walilia kilio ambacho naona kilikuwa kimewekwa akiba.

"Waambie," nikamwambia mume wangu. "Mzee, waambie!"

Alifungua mdomo, lisitoke neno.

Mitumbwi ikagusa ukingo. Watu wakapisha njia, na mama wa marehemu akaja ameshikwa mikono na wanawake wawili. Aliwaachia. Aliingia majini mpaka magotini, na leso yake ikaelea. Akaweka viganja vyote viwili juu ya shuka langu, akalipapasa polepole, akifuata lile umbo.

"Mwanangu," akasema. "Umekawia."

Nataka nikwambie kwamba moyo wangu ulimwonea huruma. Ulimwonea, baadaye. Kwanza kabisa, kabla ya huruma, ulichomwa na lile neno. Miaka yote mchele, maji, nywele, sijalipata. Chuma kimefika sasa hivi tu, kimelipata!

Lakini mkono wake ulikuwa bado unapapasa maua ya kudarizi, na mume wangu alikuwa analia bila sauti, na hakukuwa na mwingine wa kusema. Nikashuka majini, nikamshika kiuno.

"Mama," nikasema, "si yeye. Nisamehe. Ni mashine ya soda."

Kilio kikapungua, kikawa manung'uniko. Akanigeuzia uso. "Ya soda?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye yuko wapi?"

"Bado yuko Nakuru."

Nilifikiri ataanguka, nikajikaza kumshikilia. Akamtazama mkwewe. "Aliishika hii?"

"Kila siku, mama," mume wangu akasema. "Akitoka kufua alikuwa anaweka shavu kwenye kioo hiki, apoe."

"Basi nifungulieni."

Nililifungua shuka langu mimi mwenyewe. Kioo kilikuwa na vumbi jembamba, na mashine yote ilinukia maembe yaliyoiva. Yule mama akainama, akaweka shavu lake pale. Hakuna aliyecheka. Na mimi niliyengoja siku nyingi niione aibu ya mume wangu mbele za watu, nilitazama pembeni.

Ndipo mume wangu akapata sauti. Aliwaeleza wote, akiwa bado amekaa juu ya mbao. Alisema wakati ule aliuza kila alichokuwa nacho na bado bei ya gari la maiti ilimshinda. Alisema aliulizia kila kampuni. Hakujua kwamba malori ya maembe hurudi matupu, hakujua kwamba mtu anaweza kuunganishwa kutoka lori hadi lori mpaka kwao, wala hakuwa na mtu wa kumwambia. Halafu akanielekezea mkono.

"Huyu ndiye aliyejua. Mama," akaniambia mbele ya kijiji kizima, "kama ningekuwa nakujua wewe wakati ule, ningemleta nyumbani."

Watu wakaitikia, kweli, kweli. Mwanamke mmoja akanipiga piga mgongoni, akaniambia hongera.

Hongera! Mwenzangu, yapime maneno hayo. Tangu anioe mume wangu hajawahi kunisifu mbele za watu namna ile, na siku aliponisifu, alinisifu kwa sababu ningemfaa kumbebea mke wake wa kwanza. Nilijikaza kisabuni. Nikaokota shuka langu, nikalikung'uta, nikaenda zangu nyumbani kulifua. Nililifua kwa hasira mpaka vidole vikaniuma, na harufu ya maembe haikutoka.

Mashine ikasimamishwa barazani. Kesho yake ikapewa stima. Stima ilipofika kijijini kwetu watu waliitumia kwa taa na simu. Sasa ilitumika kuamsha kitu ambacho kilinguruma, kikakohoa, kikatikisa kuta, kisha kikaanza kupoa. Mume wangu alifungua mlango wa nyuma kwa bisibisi, akapanga chupa za soda ya machungwa nilizozileta kutoka hotelini. Ua wote ulijaa watu. Mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, bila shaka.

Watu wakaanza kuleta shilingi. Zikaingia, zikapita, zikadondoka chini. Za shaba, nyeupe, kubwa, ndogo, zote zikadondoka. Mume wangu akacheka. Mashine ilitengenezwa kwa shilingi ya zamani, ile pana na nzito, na mtu gani anayo siku hizi?

Yeye alikuwa nayo. Aliingia ndani, akarudi na ule mkebe wake wa wembe. Humo kuna shilingi moja kuukuu niliyoifahamu miaka yote. Alikuwa anakazia skrubu nayo, nikadhani ndiyo kazi yake.

"Siku ya kwanza sikuwa na kitu mfukoni," akasema, kama anazungumza na mashine. "Nimesimama nayatazama machupa. Yeye akanitolea shilingi, akaninunulia. Siku ya pili nikamlipa shilingi hii, akakataa kuipokea."

Sanduku la ndani la kupokelea shilingi lina kufuli lake, na ufunguo ulipotelea hukohuko bara. Kulivunja mume wangu hakutaka hata kusikia. Ikiingia, imeingia. Soda moja tu, basi. Watu wakamtazama mama wa marehemu, na mimi pia. Ilikuwa haki yake, hata mimi mwenye roho hii niliiona. Nilikuwa nimeshajiandaa kupiga makofi.

Mume wangu akapita mbele ya kile kiti. Akaja mpaka niliposimama, mlangoni, nimeshika ufagio, akauchukua mkono wangu na kuniwekea ile shilingi kiganjani. Ilikuwa na joto.

"Yule alininunulia ya kwanza," akasema. "Ya mwisho ninunulie wewe."

Nilimtazama. Ana mvi mpaka kwenye kope, na macho yale ambayo hajapima. Watu walikuwa wananingoja. "Tumbukiza, basi!" wakapiga kelele. "Tumbukiza, mke wa mkwe wangu," akasema yule mama kutoka kwenye kiti changu, "tuone."

Niliifunga shilingi kwenye ncha ya leso, nikakaza fundo kwa meno.

Mashine ipo barazani mpaka leo, inanguruma, na kuifuta vumbi siifuti, aifute mwenyewe. Mama wa marehemu huja asubuhi kuweka shavu kwenye kioo, nami humletea kiti. Mume wangu kila joto likizidi huniuliza, "Mama, hujasikia kiu bado?" Namwambia bado. Akitaka soda aje hotelini, friji imejaa. Ile ya mwisho aingoje, na angoje sana.